Kopo Lililorudi Limejaa

Gozei Yonamine hakwenda kufanya kazi za ndani kwa Wamarekani kwa ajili ya mshahara, ingawa mshahara aliupokea kwa mikono miwili kama kila mtu. Alikwenda kwa ajili ya pasi. Ilikuwa kadi ndogo yenye mhuri wa bluu na picha yake, kanuna kama aliyeuziwa samaki waliooza. Ukiwa nayo, mlinzi wa geti anakupungia mkono upite. Ukiikosa, wewe na ng'ambo ya seng'enge mtabaki kutazamana tu.

Na ng'ambo ya seng'enge ndiko kilikokuwa kijiji chao. Vita vilipokwisha Okinawa, watu wakashuka kutoka kambi za kaskazini, walikuta mashamba yao ya viazi vitamu yamesawazishwa na visima vimefukiwa. Baadaye ikaja seng'enge, na nyumba nyeupe za askari wenye familia zikapangwa juu ya mashamba yale. Wenyewe walipewa ukanda wa ardhi kando ya barabara, nje ya geti, wakaambiwa wajenge. Wakajenga. Kitu kimoja tu kilibaki ndani mahali pake: kaburi la ukoo wa Yonamine, lile kubwa la mawe lenye umbo la mgongo wa kobe, ubavuni mwa kilima, nyuma ya kamba za kuanikia nguo za safu ya tatu. Tingatinga lilikuwa limelizunguka, sijui kwa heshima au kwa uvivu wa dereva.

Humo walilala wakwe zake. Humo mlikuwa na kokoto moja nyeupe ya pwani kwa niaba ya mumewe, kwa sababu mume vita vilimmeza hata ukucha haukurudi, na mtu asiyepatikana mifupa huzikwa kwa kokoto. Na humo alilala Shizu, binti yake wa pekee, miaka minne, aliyekufa kwa malaria kambini kiangazi kile kile bunduki zilipokuwa zinanyamaza. Gozei mwenyewe aliiosha mifupa yake, kama desturi yao inavyotaka, akaifunga kitambaani, akashuka nayo kwa miguu siku mbili, akaiweka ndani kabla seng'enge haijajengwa.

Watu wasio na pasi waliruhusiwa kuwaona marehemu wao mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa tatu wa kalenda ya zamani, ambao huangukia Aprili au Mei ya kalenda ya sasa. Wanaingia kwa lori na kwa barua yenye orodha ya majina, wanakaa saa moja, honi inapigwa, wanatoka. Sasa mama gani huyo wa kumtazama mtoto wa miaka minne saa moja kwa mwaka? Gozei alikuwa katika mwaka wa tisa akisugua masufuria ya watu ili kila siku, saa ya chakula cha mchana, apite chini ya shuka za Wamarekani zilizoanikwa, apande kilimani, ang'oe majani, amimine chai, amwambie Shizu nini kimepikwa leo. Majani ya kisiwa kile hayana adabu. Ukiyapa mwezi mmoja yamekufika kiunoni, na ndani yake nyoka wameshahamia na familia.

Nyumba ya mwisho aliyofanyia kazi ilikuwa ya Darlene Hutchens, mke wa sajini, mtu wa Texas. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mimba ya kwanza. Alimwita Gozei "Rosie", maana jina lenyewe ulimi wake haukutaka hata kulijaribu. Gozei, mwenye umri wa kumzaa, alimwita "mama", kwa sababu anayekulisha ndiye mama yako hata kama jana tu alikuwa ananyonya. Darlene hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa kuwa huko mbele mtataka kumchukia, nami sitawazuia, lakini alikuwa anasema asante, alikuwa anauliza kama miguu inauma, na siku za mvua alimpa Gozei mwavuli wa mumewe.

Kila Jumamosi Darlene alipika taco, chakula cha kwao. Nyama ya kusaga inakaangwa, inaungwa kwa unga mwekundu wa kopo, inajazwa ndani ya vichapati vya mahindi vilivyokaangwa na kukunjwa, juu yake majani ya saladi na jibini iliyokwaruzwa. Kopo lilikuwa jekundu, lina picha ya ng'ombe dume. Mama yake Darlene alitumia kopo hilo hilo, na bibi yake pia. Jumamosi nyumba ikinukia, yule msichana alikuwa anaimba. Siku nyingine sita alikuwa mtu wa kukaa dirishani.

Mwezi wa Februari makopo yalikuwa sita kabatini. Jumamosi moja ya mwezi huo, Darlene akiwa kliniki, mumewe Roy aliingia jikoni akachukua mawili, akamwomba Gozei amfungie kwa gazeti. Walikuwa na karamu ya nyama choma na karata huko kikosini, na mkewe alikuwa ameambiwa kwamba yuko zamu. Roy aliweka kidole mdomoni, akamkonyeza. Gozei akafunga gazeti, akainama, akarudi kwenye sinki. Mambo ya mtu na mkewe hayamhusu mwosha vyombo.

Kisha meli zikagoma. Tuseme si meli, ni watu wa bandarini huko Marekani. Duka la kambini likaanza kukosa hiki, likakosa kile, na kufikia Machi unga wa ng'ombe dume ulikuwa umekwisha kisiwa kizima. Jumamosi ya kopo la mwisho Darlene hakuweza kumaliza nyama, kwa hiyo alichota iliyobaki, akaitia ndani ya kopo lile lile tupu, akamkabidhi Gozei.

"Peleka nyumbani, Rosie. Ule na wewe."

Gozei akalipokea kwa mikono miwili. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye wema.

Jioni hiyo alikula na jirani yake Makato, mwanamke wa kuuza tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya, mjane kama yeye, mwenye mdomo uliochongoka kuliko kisu chake.

"Hii nini? Inanuka soksi ya mwanajeshi."

"Kula kwanza, matusi baadaye."

Makato akala. Akala tena juu ya wali. Mwishowe akaingiza kidole ndani ya kopo, akalizungusha na kulamba.

"Soksi yenyewe tamu," alisema.

Gozei hakuwa anasikiliza. Alikuwa amefumba macho, ulimi unafanya kazi. Pilipili, hiyo hata mtoto angeijua. Kitunguu saumu kilichokaushwa. Chumvi, na utamu kidogo nyuma yake. Halafu kulikuwa na harufu moja ya udongo mkavu ambayo aliwahi kuinusa mahali, na ilimchukua usiku mzima kukumbuka wapi: kwenye duka la yule Mchina wa dawa sokoni mjini Naha, katika mtungi wa mbegu za kutoa gesi tumboni. Bizari nyembamba.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Darlene. Alijaribu unga wa mchuzi wa Kijapani, akautema. Alijaribu pilipili peke yake, akalia. Tumbo lilikuwa linakataa kila kitu.

"Rosie," alisema siku moja, amekaa sakafuni mbele ya jokofu lililo wazi, "umewahi kula kitu ukahisi mdomo si wako?"

"Ndiyo, mama."

Gozei alikumbuka vyura wa kambini, na zile mbegu za msituni ambazo usipoziloweka siku tatu zinaua. Aliona aibu kulinganisha. Lakini alimwonea huruma, kweli kabisa, kwa sababu alijua kuwa mbali na kwenu kunavyokuwa. Yeye alikuwa mbali na kwao kwa hatua mia nane na seng'enge moja.

Tena kulikuwa na lile kopo. Watu wa kwao hawarudishi chombo kitupu. Jirani akikuletea bakuli la supu, bakuli litarudi na viazi, au nyanya tatu, au kipande cha tofu, na usipokuwa na kitu hata kidogo, litarudi na kijiti cha kiberiti, ili mwenyewe ajue kwamba mkono wako haukukauka. Kurudisha kitupu ni kumwambia mtu: baina yetu yamekwisha. Gozei hakuwahi kufanya hivyo maishani, hata mwaka wa njaa.

"Weka viazi vinne, rudisha kopo la watu, yaishe," Makato alimshauri.

"Viazi hatakula. Anatapika."

"Asipokula atatupa. Wewe umesharudisha."

"Namtengenezea ule unga."

Makato akaacha kukata tofu. "Wewe? Umtengenezee Mmarekani chakula cha kwao? Dada, huo wema wako utakuponza."

Jumapili ya kwanza ulitoka mchungu, Makato akasema huu ni wa kuoshea vidonda. Jumapili ya pili ulitoka mkali mno. Kulikuwa na jani fulani kavu ndani ya unga wa kweli, jani la kigeni asilolijua, naye akalitafutia mbadala katika bustani nzima ya nyuma hadi akafika kwenye pakanga. Aliikausha juu ya bati, akaisugua baina ya viganja, akatia kidogo tu. Akatoa mbegu zote za pilipili ili ibaki rangi bila hasira. Akakwaruza sukari guru. Jumapili ya tatu alisaga tena, akakaanga nyama ya nguruwe kidogo, akampa Makato, akasubiri.

Makato akatafuna pole pole. "Soksi ile ile," alisema, na safari hii hakucheka. "Gozei, ni ile ile kabisa."

Gozei aliliosha kopo mpaka ng'ombe dume akang'aa, akalijaza, akalifunga kitambaani. Jumatatu akaliweka mezani mbele ya Darlene.

"Mama, kopo lako."

Darlene alifungua kifuniko. Harufu ikamfika kabla ya macho, akajishika kifua.

"Rosie! Umeupata wapi?"

Sikilizeni sasa. Kwao ukiulizwa kuhusu zawadi yako, huanzi kumhesabia mwenzako jasho lililokutoka. Unaishusha. Umepika tangu alfajiri, unasema ni makombo. Umefuma miezi sita, unasema ni kitambaa kibovu nilikuta kabatini. Huo ndio uungwana, na Gozei alilelewa vizuri. Akainama.

"Si kitu, mama. Ulikuwa umekaa tu nyumbani."

Laiti angejisifu! Siku hiyo moja tu, laiti angekuwa na majivuno kama jogoo. Lakini alisema vile, na Darlene akamkumbatia, tumbo na yote, akamlowesha bega kwa machozi.

Nyama ilipikwa siku hiyo hiyo bila kungoja Jumamosi. Roy alikuja kula mchana. Gozei alikuwa jikoni anaosha kikaango, mlango uko wazi, na Kiingereza cha mezani alikuwa anakielewa vya kutosha.

"Umeupata wapi huu?" Roy aliuliza.

"Kaleta Rosie. Anasema ulikuwa umekaa tu kwao."

"Umekaa kwao?" Roy alicheka. "Duka halina hata kopo moja tangu Machi, yeye anao umekaa tu?"

Kisha sauti ya Darlene, ndogo. "Nilikuwa na makopo sita, Roy. Nilijiuliza yameisha vipi haraka hivyo. Nilidhani ni mimi ninayesahau, kwa sababu ya mimba."

Kijiko cha Roy kiligonga sahani. Gozei, mikono ndani ya povu, alingoja. Ilikuwa sentensi moja tu aliyokuwa anaidai kutoka kwa mwanamume yule, tena sentensi nyepesi: mawili nilichukua mimi.

"Watu hawa ni wazuri," Roy alisema hatimaye. "Lakini huwa wanachukuachukua. Kila mtu anajua."

Siku ya pili yake Gozei aliitwa ofisini kambini. Kapteni alikuwa nyuma ya meza, Darlene na Roy wamekaa ubavuni, kopo limewekwa katikati. Mkalimani aliitwa Tobaru, kijana wa kisiwani mwenye nywele za mafuta, si mtu mbaya naye, ila mtu wa kazi yake.

"Shangazi, anauliza kopo umelitoa wapi."

"Kopo alinipa mama mwenyewe, lina nyama. Unga nimetengeneza."

Tobaru akamtazama vizuri. "Umetengeneza?"

"Pilipili, kitunguu saumu, bizari ya yule Mchina wa dawa, pakanga, sukari guru, chumvi. Nipeni bakuli la kusagia. Natengeneza hapa hapa, mkitazama."

Tobaru akatafsiri. Kapteni akatabasamu kama mtu aliyeambiwa kwamba paka wake anajua kusoma. Akasema vitu vile hutengenezwa kiwandani na mashine. Akamgeukia Darlene, akamuuliza kama ana hakika ni ule wa kopo.

"Nimeula tangu nimeota meno," Darlene alisema, macho mekundu. "Ni ule ule. Hakuna tofauti hata chembe."

Gozei alielewa maneno hayo bila mkalimani. Katika maisha yake yote ya kupika hakuna aliyewahi kumsifu hivyo, na sifa hiyo ndiyo iliyomfunga kamba. Alimtazama Roy. Roy alikuwa anaichunguza kofia yake kama vile ameikuta njiani.

"Makopo mawili—" Gozei alianza.

"Shangazi," Tobaru akamkata upesi, kwa lugha ya nyumbani, sauti ya chini. "Kama ni kumtaja mume mbele ya mke wake, nakuomba unyamaze. Utajimaliza. Nisikilize. Saa sita inakaribia, huyu anataka kwenda kula. Ukikana, anafungua jalada, unapelekwa polisi, pasi hutaiona tena. Ukikiri na kuomba radhi, huwa wanasimamisha mwezi mmoja, yanaisha. Nimeona wengi."

"Mwezi mmoja?"

"Mwezi mmoja."

Gozei alipiga hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa ya fedha. Mwezi mmoja, majani kiunoni. Siku mbili za kuyang'oa, labda tatu. Shizu alikuwa mtoto mvumilivu, hata homa ilipompanda alikuwa akiomba maji kwa adabu. Mwezi mmoja angeungoja. Kwa upande mwingine kulikuwa na jina la Gozei, ambalo halijawahi kutiwa doa. Aliweka jina chini.

"Mwambie niliiba."

"Mangapi?"

"Wanataka mangapi?"

Tobaru akatafsiri: mawili. Gozei akasimama, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza, akabaki hapo. Alisikia mkasi. Alipoinuka, pasi ilikuwa vipande viwili juu ya karatasi, uso wake umekatwa kwenye kidevu. Tobaru alikuwa anatazama dirishani.

"Ungeniomba tu, Rosie," Darlene alimwambia mlangoni, akilia kweli kweli. "Ningekupa. Ungeniomba tu."

Mwezi ulipotimia Gozei alichana nywele, akavaa kanzu yake ya kijivu, akaenda getini. Mlinzi, mtoto wa kijijini mwao, alishindwa kumtazama machoni. Alimwonyesha ukutani ubao wa waliokatazwa kuingia. Jina lake lilikuwa pale kwa herufi za Kijapani na za Kiingereza, na mbele yake neno moja: daima.

Alirudi kwa Makato akakaa chini, kanzu na yote, juu ya sakafu yenye maji ya tofu.

"Nimejiita mwizi mbele ya watu," alisema. "Nimejiita mwizi, na bado wamenichukulia mtoto wangu."

Makato aliacha tofu majini. Alikwenda kumletea chai.

Kula lazima mtu ale. Gozei alikuwa na mfuko wa bizari uliobaki, na mikono iliyojua kazi moja ambayo hakuna mwingine barabara ile aliyeijua. Alitoboa dirisha kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yake, akaweka ubao na jiko, akaanza kuuza taco. Hakuchagua biashara hiyo kwa mapenzi. Alichagua dirisha, kwa kuwa lilitazama geti moja kwa moja, na juu ya paa la kibanda cha mlinzi alikuwa anaona ncha ya kilima.

Askari walipanga foleni. Walikula wamesimama, mafuta yanatiririka hadi viwikoni. Mvulana mmoja wa Texas alisema ni kama ya mama yake, akala sita, akarudi kesho yake na wenzake kumi. Kisha wote walifuta mikono kwenye suruali, wakavuka barabara, wakapungiwa mkono, wakaingia. Gozei alikuwa anawatazama migongo mpaka wanapotea. Wavulana wa watu hawa, waliozaliwa ng'ambo ya bahari, wanapita hatua chache tu kutoka kwa Shizu, na wanachofikiria ni bia.

Ukafika mwezi wa tatu wa kalenda ya zamani. Barua ya lori ilirudi kutoka ofisini na jina lake limepigwa mstari. Mwizi hapandi lori. Binamu wa mumewe aliingia badala yake, akarudi na mikwaruzo mikononi.

"Yamefika mabegani, shemeji," alisema. "Saa yenyewe moja. Tumesafisha mlangoni tu ili tuweke chai. Juu ya mgongo kuna mti umeshaota."

"Mti gani?"

"Sijui. Mti. Mizizi imeingia kwenye ufa."

Gozei alimshukuru, akamfungia taco nne za watoto wake. Kisha alifunga dirisha, na siku mbili hakufungua.

Mwezi Juni, saa tano asubuhi, kabla foleni haijaanza, gari lilisimama mbele ya dirisha. Akashuka Darlene, mtoto mchanga begani, mfuko mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Makato, aliyekuja kusaidia kukata kabichi, alimtambua kwa maelezo tu, akaanza kuikata kwa nguvu isiyohitajika.

"Rosie," Darlene alisema.

"Mama."

"Jana Roy alileta taco zako nyumbani. Zilikuwa kwenye karatasi, hata hakusema za nani. Nilitia moja mdomoni tu, nikajua." Alimhamisha mtoto bega jingine. "Ulikuwa unasema kweli. Uliutengeneza mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia Roy, akasema maji yameshamwagika. Na kweli ningefanya nini, Rosie? Najisikia vibaya sana. Sana."

Gozei alikuwa anamtazama mtoto. Msichana.

"Kesho kutwa tunaondoka," Darlene aliendelea, haraka haraka, kama anayetaka kuvuka mahali penye utelezi. "Tunahamishiwa Ujerumani. Wanasema huko hakuna kitu kama hiki, hata kidogo. Kwa hiyo nimefikiria..." Akatoa mfukoni kopo jekundu, akaliweka juu ya ubao. Lilikuwa lile lile. Ng'ombe dume alikuwa na mkwaruzo kwenye pembe pale Gozei alipomsugua kupita kiasi. "Nijazie. Nitalipa chochote utakachosema."

Mtungi wa unga ulikuwa chini ya ubao, umejaa, umesagwa jana. Mkono wa Gozei ulishausogelea wenyewe kwa mazoea. Kisha akausimamisha.

"Mama, nikuulize. Nyuma ya kamba za nguo. Majani yamefika wapi?"

"Majani gani?"

"Pale kilimani. Nilipokuwa nakwenda saa ya chakula."

Darlene alikunja uso, akijitahidi kwa moyo safi kukumbuka. "Pale kwenye lile handaki la vita? Sijui, Rosie. Watoto wamekatazwa kwenda, wanasema kuna nyoka. Mwezi ujao watapaangalia, wanataka kuongeza maegesho ya magari." Akatikisa kichwa. "Mimi siku zote nilidhani unakwenda kuvuta sigara."

Kisu cha Makato kilinyamaza.

Gozei alilichukua kopo. Akamimina maji ya moto, akalisuuza, akalisugua ndani kwa kidole, akalikausha kwa kitambaa safi, ndani na nje, bila haraka. Darlene alikuwa ameshafungua pochi. Makato alimwona mwenzake akipita juu ya mtungi wa unga bila kuugusa, akapita kapu la viazi, akapita hata kiberiti kilichokuwa pembeni ya jiko, na mkono ukampanda mdomoni.

"Gozei," alinong'ona. "Weka hata kijiti."

Gozei alifunga kifuniko. Akalitoa dirishani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama alivyofundishwa.

Darlene alilipokea. Akalitikisa karibu na sikio.

"Rosie, humu hamna kitu."

"Ndiyo, mama," Gozei alisema. "Hamna kitu."